Kuazima si kuiba, lakini jina la mwenye mali ni deni

Kila mara wanafunzi wa vyuo vyetu wanaposikia gitaa lenye mlio wa Kinshasa likipigwa na vijana wa New York, swali lao la kwanza huwa ni lile lile: je, huu si wizi? Swali hilo lina uzito, na anayelipuuza huwa ameipuuza historia nzima ya Afrika na mali yake. Hata hivyo, aghalabu huulizwa kwa pupa. Kabla ya kumshika mtu ukosi na kumwita mwizi, sharti kwanza tujue alichukua nini, alikichukua kwa nani, na mwenyewe alibakiwa na nini.

Makala haya yanakusudia kulipima swali hilo kwa mizani ya albamu moja tu, nayo ni albamu ya kwanza ya bendi ya Kimarekani iitwayo Vampire Weekend, iliyotolewa tarehe 29 Januari 2008. Huenda msomaji akastaajabu na kuuliza mwalimu wa isimu ana lipi la kusema kuhusu muziki wa roki. Analo. Kazi yetu sisi tunaoshughulika na Kiswahili ni kuchunguza, pamoja na mengine, namna watu wanavyoazimana maneno. Yaliyotendeka ndani ya albamu hiyo ni uazimaji, na kanuni zake hazitofautiani sana na zile za lugha.

Albamu iliyopikwa nyumbani

Vampire Weekend iliundwa mwaka 2006 na vijana wanne waliokuwa wakisoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York. Ezra Koenig aliimba na kupiga gitaa. Rostam Batmanglij, ambaye wazazi wake walihamia Marekani kutoka Iran, alipiga vinanda na kusimamia kazi yote ya kurekodi. Chris Tomson alishika ngoma, naye Chris Baio akapiga besi. Jina la bendi lilitokana na filamu fupi ambayo Koenig aliwahi kuitengeneza wakati wa likizo. Mtindo wao waliupachika jina la mzaha, Upper West Side Soweto, yaani mtaa wa wenye nafasi huko New York uliofungwa nira moja na kitongoji cha Johannesburg.

Bendi za namna hii huitwa bendi huru, kwa kuwa hazifungwi na makampuni makubwa ya muziki. Msomaji wa Kenya hana haja ya kufafanuliwa sana. Katika miaka ya 1970, watayarishaji wadogo wadogo wa River Road, Nairobi, walitoa santuri za benga kwa mtaji mdogo na bidii kubwa, bila kungoja idhini ya kampuni yoyote ya Ulaya. Uhuru wa jinsi hiyo una gharama yake: asiye na mfadhili hujibanza anapopata nafasi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa vijana hawa. Sehemu za albamu zilirekodiwa katika chumba cha chini ya nyumba huko Brooklyn, nyingine katika makazi ya wanabendi wenyewe, na nyingine katika ghala la shambani. Hawakumwajiri mtayarishaji kutoka nje. Batmanglij, aliyesomea muziki chuoni, ndiye aliyezipanga sauti na kuwaandikia wapiga fidla sehemu zao. Wakati huo Koenig alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya umma ya Brooklyn. Walimu wanaoyasoma makala haya watajua maana ya kushinda na madaftari ya wanafunzi mchana kutwa, kisha kushika gitaa usiku.

Mwaka 2007, kabla albamu haijatoka, nyimbo za majaribio walizozinakili kwenye diski zilikuwa zimekwisha kusambaa kwenye intaneti. Jarida la Spin likawaweka kwenye jalada la toleo lake la Machi 2008, na picha hiyo ilipigwa hata kabla albamu haijafika madukani. Iliyoitoa ni XL Recordings ya London, kampuni huru iliyoanzishwa mwaka 1989, ambayo Januari hiyohiyo ilitoa pia albamu ya kwanza ya mwimbaji Adele. Albamu ya Vampire Weekend ilipanda hadi nafasi ya 17 katika orodha ya mauzo ya Marekani na nafasi ya 15 nchini Uingereza. Kwa kazi iliyoanzia vyumbani, hayo hayakuwa mafanikio haba.

Ina nyimbo 11 zinazokwisha kwa muda wa dakika 34 hivi. Kilichowashtua wasikilizaji ni gitaa lake. Roki ya miaka hiyo ilikuwa imezoea gitaa linalonguruma, lililokuzwa kwa umeme hadi sauti ikakwaruza. Koenig alilipiga gitaa safi, akizigusa nyuzi za juu, noti mojamoja zikirukaruka na kujibizana na besi, jinsi wapigaji wa Kongo walivyozoea kufanya kwa miongo mingi kabla yake. Juu ya mlio huo Batmanglij akatandaza fidla na vinanda vyenye ladha ya Ulaya ya karne ya 18. Mchanganyiko huo ndio uliozua furaha kwa wengine na ghadhabu kwa wengine.

Kitabu, vitabu na sebene

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hiyo ina busara yake kwa mtu mvivu, lakini Kiswahili chenyewe ni ushahidi wa kuipinga. Lugha hii imevaa nguo za Kiarabu, Kiajemi, Kireno, Kihindi, Kijerumani na Kiingereza, na imesitirika vyema. Meza tuliipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayehisi kwamba amekalia kiti cha mgeni anapoyatamka maneno hayo.

Siri ni kwamba Kiswahili hakikuyabeba maneno hayo kama mchukuzi abebavyo mzigo wa mwingine. Kiliyakata na kuyashona upya. Chukua neno kitabu. Katika Kiarabu, silabi ya kwanza ya neno hilo ni sehemu ya neno lenyewe, wala haina uhusiano wowote na ngeli. Mswahili alipoisikia, akaifanya kiambishi cha ngeli, na kwa wingi akasema vitabu, umbo ambalo Mwarabu hakulijua kamwe. Madigadi ya baiskeli yalitokana na neno la Kiingereza linaloanza kwa sauti inayofanana na ma-. Kwa kuwa ma- kwetu ni dalili ya wingi, likazaliwa digadi moja. Sauti ni ileile, ila kazi yake imebadilika. Hiyo ndiyo alama ya uazimaji uliokomaa.

Sasa tuutazame muziki. Katika wimbo wa Kikongo wa mkondo uliozoeleka, kwanza huja sehemu ya kuimba, taratibu, yenye beti na kiitikio. Kisha mdundo hukolea, waimbaji hupisha, na magitaa hushika usukani. Sehemu hiyo ya pili ndiyo sebene, na ndiyo wachezaji wanayoingojea kwa hamu. Kanda Bongo Man, aliyehamia Paris mwaka 1979, alijipatia sifa kwa kutosubiri hadi mwisho: aliliachia gitaa la Diblo Dibala nafasi ya kutamba mapema, baina ya ubeti na ubeti. Vampire Weekend walifanya jambo la tatu. Waliichukua milio ya aina ya sebene wakaiweka chini ya sauti ya mwimbaji, katika nyimbo za dakika mbili au tatu ambazo huisha mahali ambapo mchezaji wa Kinshasa ndipo angeanza kujifunga kibwebwe. Mlio wa kuchezea umekuwa mlio wa kusimulia. Silabi ya Kiarabu imegeuka kiambishi cha ngeli.

Fauka ya hayo, mkopeshaji mwenyewe aliwahi kuwa mkopaji. Rumba ya Kongo ilichipuka pale santuri za Kuba zilipoanza kuingia Afrika katika miaka ya 1930, nazo santuri hizo zilibeba midundo ambayo watu wa bonde la Kongo waliisafirisha kwa minyororo kuvuka Atlantiki karne kadhaa kabla. Rumba hiyo ilipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, ulimwengu ulikuwa unaheshimu mali iliyokwenda na kurudi.

Nasi huku Afrika Mashariki hatukuwa watazamaji tu. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao, aliwafunza wapigaji wengi wa Kenya namna ya kulichezesha gitaa kwa vidole. Katika miaka ya 1970 na 1980, Super Mazembe na Virunga ya Samba Mapangala ziliufanya mji wa Nairobi kuwa nyumba ya pili ya wanamuziki wa Kongo. Kwa upande wa Nyanza, wapigaji wa benga walilifunza gitaa kuzungumza kama nyatiti, chombo cha nyuzi nane cha Waluo. Gitaa lenyewe lilitoka Ulaya. Ikiwa kuazima ni wizi, basi sote tu wezi, na mahakama itakosa hakimu.

Mtindo ni msamiati, wimbo ni shairi

Hata hivyo, isieleweke kwamba hakuna wizi katika muziki. Upo, na umewaacha watu uchi. Mwaka 1939, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi mjini Johannesburg wimbo uitwao Mbube. Wimbo huo uliimbwa upya huko Marekani kwa majina na maneno mengine, ukaingiza fedha nyingi, ilhali Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Ni mwaka 2006 tu ambapo warithi wake walipata suluhu ya kisheria na sehemu ya haki yao. Huo haukuwa uazimaji.

Tofauti iko wapi? Mwanafunzi wa lugha ataiona upesi. Neno ni mali ya wote: nikilitumia neno lako, wewe hulipotezi. Shairi lina mtunzi: nikilichapisha shairi lako kwa jina langu, nimekuibia, hata kama kila neno lililomo lipo katika kamusi. Kadhalika katika muziki, mtindo wa kupiga gitaa ni msamiati, na wimbo uliotungwa ni shairi. Sheria za hakimiliki hulinda wimbo, wala haziwezi kulinda namna ya kuchezesha vidole. Vampire Weekend hawakuchukua wimbo wa Mkongo wakauita wao. Walichukua msamiati, wakatunga sentensi zao wenyewe. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: shtaka la wizi halisimami.

Paul Simon naye alikabiliwa na mashtaka alipotoa albamu ya Graceland mwaka 1986, baada ya kurekodi Johannesburg wakati Umoja wa Mataifa ulipokuwa umetaka wasanii waisusie serikali ya ubaguzi. Katika hilo la kususia, waliomlaumu walikuwa na hoja nzito. Lakini katika suala letu la kuazima, Simon alifanya jambo ambalo hatuna budi kulikiri: alipiga muziki pamoja na wenye mtindo, akina Ray Phiri na Ladysmith Black Mambazo, na majina yao yakajulikana duniani. Vijana wa Columbia hawakuwa na Mkongo chumbani. Walikuwa na santuri tu. Na hapo ndipo linapozuka lile deni ambalo halimo katika sheria.

Kwasakwasa ya nani?

Wimbo wa nne wa albamu unaitwa Cape Cod Kwassa Kwassa. Cape Cod ni rasi katika jimbo la Massachusetts, mahali ambapo familia zenye uwezo hupumzikia wakati wa kiangazi. Kwasakwasa ni ile dansi ya kutikisa nyonga iliyovuma Zaire katika miaka ya 1980, ikaenezwa na wanamuziki kama Pepe Kalle na Kanda Bongo Man, na kufika hadi katika sherehe za arusi za vijiji vyetu. Husimuliwa kwamba jina lake latokana na swali la Kifaransa la kuuliza hiki ni kitu gani. Mwanaisimu hulipokea simulizi la namna hiyo kwa tahadhari, kwa sababu watu hupenda kuyatungia maneno yao hadithi za kuzaliwa. Lililo wazi ni kwamba neno hilo lina miguu.

Limesafiri hata kusini mwa bahari yetu. Katika Visiwa vya Komoro, ambako watu huzungumza lugha iliyo ndugu wa Kiswahili, kwasakwasa ni jina la mashua ndogo zinazoyumba juu ya mawimbi, zikivusha watu kwa siri kutoka Nzwani kwenda Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa. Wengi wamezama katika safari hizo. Tazama basi: neno moja, lililotoka kwenye ukumbi wa dansi, upande mmoja wa dunia limekuwa jina la starehe ya ufukweni, na upande mwingine limekuwa jina la chombo cha hatari. Neno halina hatia katika hayo yote. Lakini anayelitumia anapaswa kujua kwamba limebeba watu.

Kisarufi, jina la wimbo huo linavutia. Kiingereza huruhusu nomino mbili kuwekwa bega kwa bega bila kueleza uhusiano wao. Kiswahili kwa kawaida hudai kiunganishi, ile -a ya uhusiano inayobadilika kwa kufuata ngeli. Hatuwezi kusema Cape Cod Kwasakwasa tukaridhika. Husema kwasakwasa ya Cape Cod. Na mara tu unapolitia lile ya, swali limekwisha kuingia mlangoni: ya nani hasa? Sarufi yetu imeuliza lile ambalo sarufi yao iliwaruhusu kulinyamazia.

Haki inatutaka tuongeze kwamba wimbo huo umetungwa kwa kinaya. Mwimbaji anawadhihaki vijana wa tabaka la juu wanaojipamba kwa vitu vya mbali, na dhahiri anajihesabu miongoni mwao. Ndani yake anatajwa Peter Gabriel, Mwingereza aliyewatangulia kuchota katika muziki wa Afrika, ambaye mwaka huohuo wa 2008 aliurekodi wimbo huo upya pamoja na bendi ya Hot Chip. Ni utani wa werevu. Lakini hebu tuhesabu majina: Mwingereza aliyeazima ametajwa, na hakuna Mkongo hata mmoja aliyetajwa. Dansi imepewa heshima ya kuwa kichwa cha wimbo, na waliolipiga gitaa lake wameachwa nje ya mlango. Jina likitengwa na watu wake hubaki pambo.

Wenye kulinda koma

Wimbo wa pili katika albamu unaitwa Oxford Comma, na walimu wa lugha wataufurahia. Koma ya Oxford ni ile iwekwayo kabla ya na katika orodha ya vitu vitatu au zaidi, kama mtu aandikapo: kalamu, daftari, na chaki. Wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford huitaka, wengine huikataa, na wasomi wa Kiingereza wamegombana juu yake kwa muda mrefu. Koenig alipata fikira ya wimbo alipokutana na jina la kikundi cha wanafunzi wa Columbia kilichojitangaza kwenye mtandao kuwa mlinzi wa koma hiyo. Katika wimbo, koma imepuuzwa kwa dharau. Shabaha hasa ni watu wanaoutumia usahihi wa lugha kama fimbo ya kuwapigia wenzao walio chini.

Nasi tunawajua watu hao. Wapo katika madarasa ya Kiswahili pia, wanaomchekea mtoto wa bara kwa matamshi yake badala ya kumfunza. Katika hilo ninaiunga mkono bendi hii bila kusita. Usanifu wa lugha ni wa kuwaunganisha watu. Ukigeuzwa kipimo cha heshima ya mtu, umepotoka.

Lakini hapo hapo ndipo linapoonekana pengo. Albamu iliyotambua kwamba alama ndogo ya uandishi yaweza kuwa suala la tabaka na mamlaka ilikuwa na akili ya kutosha kutambua kwamba jina la mpiga gitaa ni suala la tabaka na mamlaka vilevile. Wenye uwezo wa kujadili nafasi ya koma wana uwezo wa kulipatia jina nafasi yake.

Somo la kanindo

Je, inawezekana kuazima mtindo na kulitunza jina? Inawezekana, na mfano ni wetu. Katika miaka ya 1970, mtayarishaji P. O. Kanindo wa Kenya alitoa santuri nyingi za benga zilizosafiri hadi kusini mwa Afrika. Huko Zimbabwe, wasikilizaji waliozipenda santuri hizo waliuita muziki wenyewe kanindo. Wapigaji wa huko wakauchukua, wakauchanganya na ya kwao, na baadaye mtindo wa magitaa uliokua nchini humo ukajulikana kama sungura, neno la Kiswahili lisilohitaji tafsiri kwa mtoto yeyote wa Mombasa. Leo Alick Macheso akipiga sungura mjini Harare, hakuna anayemwita mwizi wa Wajaluo, kwani muziki huo umekuwa Mzimbabwe kamili. Hata hivyo, jina lake bado lina anwani ya mahali ulikopita. Watu wasio na mawakili wala majarida walifanya lile ambalo wahitimu wa chuo mashuhuri hawakulifanya.

Urithi wa albamu ile

Kuhusu urithi, bendi haikuishia pale. Albamu yao ya pili, Contra, ya mwaka 2010, ilifika nafasi ya kwanza nchini Marekani, jambo adimu kwa kazi ya kampuni huru. Ya tatu na ya nne zilipata tuzo za Grammy, mwaka 2014 na mwaka 2020. Batmanglij aliondoka mwaka 2016, na waliosalia wakaendelea hadi albamu yao ya tano iliyotoka mwaka 2024. Ile ya kwanza ndiyo iliyoliacha jambo la kudumu: iliwaonyesha wapenzi wa roki kwamba gitaa laweza kuwa na nguvu bila kunguruma, na ikaurudisha mezani mjadala wa nani ana ruhusa ya kupiga nini.

Ilileta pia jambo ambalo wakosoaji wengi hulisahau. Mwaka 2008, Esau Mwamwaya, mwimbaji wa Malawi aliyekuwa akiishi London, pamoja na watayarishaji wa Radioclit, waliirudia Cape Cod Kwassa Kwassa katika mkusanyiko wao wa nyimbo, Mwamwaya akiimba kwa Kichewa. Mwaka uliofuata, kundi lao, The Very Best, lilitoa albamu ya Warm Heart of Africa, na katika wimbo uliobeba jina hilo Koenig ndiye aliyealikwa kuimba. Mwafrika aliingia katika nyumba iliyojengwa kwa matofali ya Afrika, akaketi, kisha akamkaribisha mwenye nyumba kama mgeni wake. Hivyo ndivyo mazungumzo ya watu wazima yanavyokwenda, na yana faida kuliko kelele za mwizi, mwizi.

Mali bila daftari

Nimesema kwamba jina ni deni. Lakini deni hudaiwa na mtu anayejua alichokopesha. Wahenga wetu wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuulizane sisi wenyewe: mwanafunzi wetu wa kidato cha mwisho, anayewalaumu vijana wa New York, aweza kuwataja wapiga gitaa wangapi wa Kongo? Aweza kueleza namna nyatiti ilivyoingia ndani ya gitaa la benga? Mwaka huohuo wa 2006 ambapo Vampire Weekend iliundwa, D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania aliyeipa benga sura yake tunayoijua, alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Kisumu. Ni shule ngapi zilizoweka kumbukumbu ya ufundi wake kabla hajaondoka?

Kwa upande mwingine, gitaa la Jean-Bosco Mwenda tunaweza kulisoma noti kwa noti kwa sababu Hugh Tracey alilirekodi mwaka 1952, naye David Rycroft, mwanaisimu wa lugha za Kibantu aliyefundisha London, akakaa chini mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuyaandika aliyoyasikia. Ilimpasa mwanaisimu wa mbali kufanya kazi ambayo mwanaisimu wa hapa angeifanya kwa nauli ya matatu.

Kwa hivyo ninawasihi walimu wenzangu wa lugha na wa muziki waifanye kazi hii kuwa sehemu ya masomo. Mwanafunzi atumwe kwao wakati wa likizo akamtafute mzee aliyepiga gitaa, ngoma au zeze. Aandike jina lake kamili, nyimbo alizozipiga, aliyemfunza, na maneno anayoyatumia yeye mwenyewe kuueleza ufundi wake, kwa lugha yake na kwa Kiswahili. Maneno hayo ni hazina ambayo kamusi zetu bado hazijaifungulia mlango. Shule zinapojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, na zitangaze jukwaani jina la mwenye mtindo pamoja na jina la wimbo. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, kalamu na subira.

Tukifanya hivyo, siku bendi nyingine ya mbali itakapochota kisimani mwetu, nayo itachota, hatutakuwa na haja ya kupiga yowe. Tutafungua daftari, tutaonyesha jina, na tutadai kwa adabu litajwe. Mkopaji muungwana atalitaja, kwani dawa ya deni ni kulipa. Asiyelitaja ataaibika mbele ya ushahidi.